Mguu Wangu Kwenye Picha ya Kifurushi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia jibini kabla hujamaliza kusoma, usihangaike kulinyoosha. Nakueleza hapa.

Mimi ndiye Ubaldina, bibi wa mlango wa kijani. Mtaani kwetu hapa Managua njia hazina majina na nyumba hazina namba, kwa hiyo anwani za watu wote zinaanzia kwangu. Kutoka mlango wa kijani, nyumba ya tatu kuelekea ziwani. Kutoka mlango wa kijani panda juu, ukimwona mbwa kilema umefika. Mbwa mwenyewe alikufa zamani, lakini anwani bado inamtaja na watu wanafika.

Basi zikaja hizi kampuni za kuleta vifurushi nyumbani. Kampuni haimwamini mpelekaji mpaka apige picha, na picha lazima ionyeshe kitu kilichotajwa kwenye anwani. Kilichotajwa ni mlango wangu. Ndiyo maana kila kifurushi cha mtaa huu, kiwe cha viatu au cha sufuria, kinakuja kwanza kuketi kwenye kiti changu cha kubembea, kinapigwa picha kama bwana harusi, halafu ndipo kinapelekwa kwa mwenyewe.

Niliishia pale Melania alipogonga mlango kwa kiganja kizima.

Melania ni komadre wangu. Binti yake Xiomara nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo, na tangu hapo tunaitana hivyo, hata tukigombana.

"Komadre," akasema, "huu mguu wa nani?"

Akanisogezea simu mpaka ikagusa pua.

"Irudishe nyuma kidogo, komadre. Macho yangu hayaoni mambo ya karibu."

"Ya karibu huoni, ya watu unayaona!"

Nikatazama. Kiti changu. Mlango wangu. Juu ya kiti, boksi limezungushiwa utepe wa manjano wenye kasuku, limefungwa kama mguu wa mgonjwa. Na pembeni, chini, mguu mmoja ndani ya ndala ya buluu.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini mguu wangu naujua.

"Ndala za buluu ziko nyingi Managua," nikasema.

"Za buluu kwa kahawia je? Nani mwingine anavaa ndala moja ya buluu na moja ya kahawia?"

"Picha ina mguu mmoja, komadre. Huwezi kujua mwenzie ana rangi gani."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito, maana Melania hucheka hata msibani.

"Kwenye boksi hili," akasema, "kuna joho la Bikira wangu, sanamu yangu ya Maria. Xiomara amelishona kwa mkono wake huko San José, ng'ambo ya mpaka, kila akitoka kufua nguo za watu. Simu inasema limefika. Picha inasema limefika. Mimi sijalipata."

"Basi muulize mpelekaji."

"Namuuliza mwenye mguu."

Halafu akasema neno ambalo liliniondolea hamu ya chakula.

"Sikiliza, Ubaldina. Mpaka jioni ya Kelele joho lisipoonekana, nitaongoza waimbaji mtaa mzima, na tukifika kwako nitawapitisha kimya. Kimya. Ubaki na peremende zako."

Akaondoka.

Nyie mnaosoma mbali na hapa huenda hamjui uzito wa Kelele. Tarehe saba Disemba, fataki za jioni zikilia tu, watu wanatoka nyumba hadi nyumba kumpigia kelele Bikira. Kila mlango una altare, kila altare ina miwa, kashata na peremende za kugawa. Wanapiga kelele, wanaimba, wanapewa, wanakwenda. Altare isiyoimbiwa ni kama harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Watoto wako wataambiwa, na wajukuu wao. Na Melania ndiye mwenye sauti. Anakokwenda yeye, mtaa unafuata.

Sasa wasomaji wangu, padre ana kiti chake cha maungamo, mimi nina ukurasa huu. Niwaambie ambalo sikumwambia komadre.

Lile boksi nilikuwa nalijua. Nililibonyeza. Nikalitikisa. Nikalinusa.

Ni mchezo wetu na Yadira, huyu mama mwenye pikipiki anayeleta vifurushi. Akishapiga picha, mimi nabonyeza na kubahatisha kilichomo. Nikipatia, namcheka. Nikikosea, ananicheka. Chicha yangu ya mahindi anakunywa vyovyote vile.

"Haya bibi, hili lina nini?" aliniuliza siku ile.

"Nguo."

"Ya mtu gani?"

"Ya mtu asiyetembea."

"Maiti?"

"Maiti au mtakatifu. Kitambaa hakijakunjwa cha kuvaliwa sokoni."

Hapo hapo mvua ikamwagika. Nikakimbilia nguo zangu kwenye kamba nyuma ya nyumba. Niliporudi, kiti kitupu, Yadira hayupo, pikipiki haipo. Nikajua amekwenda kumpa Melania boksi lake. Ungekuwa wewe ungejua nini?

Kesho yake baada ya Melania kunigongea, Yadira akaja, nikamshika mkono kabla hajavua kofia ya pikipiki.

"Boksi la kasuku ulimpa nani?"

"Nilikupa wewe, bibi."

"Mimi?"

"Mvua ilikuja, nikalisukuma ndani ya mlango lisilowe. Nikakuita, bibi, boksi liko ndani, mpelekee jirani!"

"Mwanangu, mvua ile juu ya bati, hata ungepiga tarumbeta nisingesikia."

Tukatazamana. Akavua kofia taratibu.

"Bibi, kampuni wakipigiwa simu na mteja mara moja zaidi, pikipiki narudisha."

Tukaanza kutafuta. Chini ya kitanda. Nyuma ya mapipa ya maji. Kwenye banda la kuku, jogoo akamdonoa Yadira kidole. Hakuna kitu.

Sebuleni kaka yangu Filadelfo alikuwa anagonga misumari nyuma ya shuka. Yeye ndiye fundi wa altare yangu kila mwaka, na kila mwaka anatundika shuka mbele yake, hataki mtu aione kabla haijapambwa.

"Nani anahamisha nyumba huko?" akapiga kelele.

"Filadelfo, hujaona kifurushi?"

"Mimi naona misumari tu! Na mtu asichungulie, altare bado iko uchi!"

Tukamwacha. Mtu mwenye nyundo habishiwi.

Siku zikapita, novena ikaanza, zile sala za siku tisa. Kila jioni watu wanasali kwa Melania, na Bikira wake amesimama na joho la zamani lililoliwa na panya upindoni. Mimi nikiingia, mabenchi yananuna. Dukani muuzaji ananihudumia wa mwisho. Mwanamke mmoja akahamisha mkoba wake nilipoketi karibu. Mkoba wenyewe una rozari na leso!

Siku mbili kabla ya Kelele nikafungua sanduku langu.

Humo mna gauni langu la kuzikiwa. Satini ya buluu, lina mpasuko mgongoni kama nguo zote za maiti, nimelishona mwenyewe, limelala na dawa ya nondo miaka na miaka likinisubiri. Nikalitazama. Likanitazama.

"Samahani," nikaliambia. "Unatangulia mbinguni bila mimi."

Nikatoa mikono. Nikakata kiuno. Nikazungushia upindo nyuzi zinazong'aa za mti wa Krismasi. Nikalirudia mara mbili pale shingoni, maana Bikira wa Melania ana shingo nyembamba na mimi sina. Jua lilipoanza kuchwa nilikuwa na joho ambalo hata askofu angepiga goti.

Yadira alipoliona akaketi chini.

"Bibi, hii ni dhambi."

"Nusu dhambi. Bikira anapata nguo, komadre anapata furaha, wewe unabaki na pikipiki yako. Nitafutie mwenye hasara."

"Wewe. Utazikwa na nini?"

"Sifi mpaka nishone lingine."

Akakuna kichwa chini ya kofia.

"Na boksi? Yeye anajua lina kasuku."

"Mwambie lililowa, kampuni ikabadilisha. Kwani kampuni haijawahi kufanya mambo?"

"Inayafanya kila siku."

"Umeona? Hata uongo wetu una ukweli ndani. Ila safari hii, mwanangu, usipige picha kitini kwangu. Mpige yeye mwenyewe, kalishika mkononi. Anacheka. Meno yaonekane."

Akaenda. Nikaketi kwenye kiti changu, nikabembea haraka kuliko kawaida.

Akarudi anapepesuka kwa kicheko, na picha mkononi. Melania na kifurushi, meno yote nje.

"Alikifungua pale pale," akasema Yadira. "Akalinusa lile joho, bibi, akafumba macho."

"Akasema nini?"

"Akasema, hii ndiyo harufu ya ng'ambo!"

Dawa ya nondo! Tulicheka mpaka Filadelfo akagonga ukuta.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanavaa viatu.

Kesho yake Melania akaja na nakatamali la moto, donge la unga wa mahindi na nyama, kubwa kama mto wa kulalia, limefungwa kwenye majani ya mgomba. Hakuja peke yake. Alikuja na wanawake wa novena, na muuzaji wa duka, na yule wa mkoba.

"Komadre," akasema kwa sauti ya kanisani, "nilikudhania vibaya. Mbele ya hawa, naomba radhi."

"Aa, komadre, hayo madogo."

"Si madogo. Nilikuita mwizi."

"Hukuniita mwizi, ulisema mwenye mguu."

"Nilipokuwa nyumbani nilisema mwizi."

Haya. Nikapokea nakatamali. Nikala mbele yao mpaka majani yakabaki. Niwe mkweli kwenu: nakatamali la uongo lina ladha ile ile.

"Kitu kimoja tu kinanishangaza," Melania akaendelea. "Joho la mwanangu lina mpasuko mgongoni, juu mpaka chini. Kama la..."

"Kama la mtindo wa sasa," nikadakia. "Wanashona hivyo sasa hivi San José. Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Kwa watu."

Yadira, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka kutazama barabara.

"Basi ni mtindo," akasema Melania. "Sijamwambia Xiomara kama limefika. Nataka aone mwenyewe. Kesho jioni atapiga simu ya kuonana uso kwa uso, nitatembea naye kwenye simu mtaa mzima. Ataanzia hapa kwako, asikie jinsi tunavyokuimbia. Tukitoka hapa, namleta kwangu aone joho lake limemkaa Bikira."

Nikaacha kulamba vidole.

Mtu aliyeshona nguo kwa mkono wake hadanganyiki na nyuzi za Krismasi. Altare yangu ingeimbiwa, ndiyo. Halafu baada ya nyumba mbili mtaa mzima ungerudi kuniuliza.

Usiku ule nilipanga jambo moja tu: wasitoke kwangu. Wakishafika, waimbe mpaka simu ya Melania iishiwe chaji.

"Filadelfo," nilimwambia asubuhi, "leo peremende gawa moja moja. Polepole. Kama unatoa damu."

"Watanitukana."

"Watukane. Na mtu akidai wimbo umekwisha, anzisha mwingine."

"Mimi siimbi, nagonga misumari."

"Leo utaimba."

Jioni akaondoa shuka. Jamani! Ngazi tano, kitambaa cheupe kimeshuka mpaka sakafuni, mishumaa, maua, na Bikira wangu mdogo juu kabisa, anaonekana mpaka barabarani mlango ukiwa wazi. Nilisahau shida zangu zote kwa muda wa kujifuta machozi.

"Safari hii ni imara," akasema Filadelfo. "Panda hata wewe."

Fataki zikapasuka. Mbwa wakaingia chini ya vitanda. Na kutoka kona ya ziwani nikasikia sauti ya komadre, na mtaa mzima nyuma yake.

Hawakupita. Walisimama mlangoni kwangu.

"Nani analeta furaha kubwa hivi?" akapiga kelele Melania.

"Ni Maria Mkingiwa Dhambi!" wakaitikia, bati likatetemeka.

Wakaimba. Yule wa mkoba alikuwa mbele kabisa, analia. Yadira alikuwa pembeni na kofia yake ya pikipiki kwapani, amebakiza vifurushi viwili vya kupeleka. Melania alikuwa ameinua simu juu ya kichwa, na ndani ya simu alikuwemo Xiomara wangu.

"Shikamoo, mama wa ubatizo!"

"Marahaba, mwanangu! Mbona umekonda?"

"Ni simu hii, mama! Imbeni, nasikia vizuri!"

Nikamkonyeza Filadelfo. Akatoa peremende moja. Akafikiri. Akatoa nyingine.

"Wewe mzee, unagawa au unasali?" mtu akamkemea.

"Wimbo mwingine!" nikasema mimi. "Ule mrefu!"

Wakaimba ule mrefu. Wakaimba mwingine. Nikaanza kupata matumaini, maana Melania alisema, "Chaji inapungua, mwanangu," na mimi moyoni nikaitikia amina.

Ndipo bibi mmoja wa nyuma akadai ndimu tamu. Si peremende, si muwa. Ndimu tamu. Na ndimu tamu Filadelfo alikuwa ameziweka ngazi ya chini kabisa, kwenye kona.

Akainama. Nyundo ilikuwa bado imening'inia kiunoni, kwa nini sijui, na kichwa cha nyundo kikanasa kitambaa. Alipoinuka, kitambaa kikainuka naye, kama gauni la mtu anayevuka dimbwi.

Chini ya ngazi nikaona maboksi.

Na chini ya maboksi yote, nikaona kasuku.

Utepe wa manjano. Kasuku wamezunguka, wamekaa kimya siku zote hizo, wamebeba Bikira wangu, mishumaa na miwa.

Sikufikiri. Nilinyoosha mguu nikakanyaga kitambaa kirudi chini. Kikarudi nusu.

"Mama," sauti ya Xiomara ikatoka kwenye simu, "shusha simu kidogo."

"Unataka kuona maua?" akauliza Melania.

"Shusha tena. Tena. Hapo. Mama, mbona kasuku wangu wako pale chini?"

"Kasuku gani?"

Nyimbo zikakatika moja moja, wa mbele kwanza, wa nyuma baadaye.

"Hili?" akasema Filadelfo kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake. Akafunua kitambaa chote. "Hili nililikuta mlangoni siku ya mvua. Boksi zuri sana, halipondeki. Ndilo linalobeba altare nzima. Mkilitoa hili, Bikira anakuja chini na mishumaa yake."

Melania alilitazama boksi. Akanitazama mimi. Halafu akageuza kichwa polepole kuelekea nyumbani kwake, kule ambako Bikira wake alikuwa amesimama na satini ya buluu yenye mpasuko mgongoni.

"Ubaldina," akasema. Hakusema komadre. "Kama joho la mwanangu limo humu ndani... Bikira wangu amevaa nini?"

Mtaa mzima ulikuwa mlangoni kwangu. Nikafungua mdomo.

Kabla sijatoa neno, mwanga ukanimulika usoni. Ni Yadira, maskini. Ameona boksi, ameona mlango wa kijani, mkono wake wa kazi ukainua simu wenyewe na kupiga picha.

Na safari hii, miguu yangu yote miwili imetokea.